Kreatinini Hii Ni ya Mwili wa Nani?

Karatasi inayotoka labo baada ya mtu kupimwa figo mara nyingi huwa na mstari mmoja tu wa maana: kreatinini 1.1, na kando yake mipaka inayohesabiwa kuwa ya kawaida, tuseme 0.6 hadi 1.3. Anayesoma anaona namba imo ndani ya mipaka, anamwambia mgonjwa figo zake ni nzima, na mgonjwa wa hapa Bunia anarudi zake mtaani Mudzipela au Lumumba moyo umetulia. Ninachotaka kudai jioni hii ni kwamba utulivu huo mara nyingine hauna msingi, na kwamba unakosa msingi zaidi katika miili ya aina tunayoiona kila siku hapa Ituri: wazee, watu waliokonda kwa njaa ya ukimbizi, watoto wenye selimundu. Nitadai pia kwamba dawa ya kosa hilo haianzii kwenye mashine mpya ya bei kubwa. Inaanzia kwenye hesabu ambayo simu yoyote inaweza kuifanya, kwenye mkojo, na kwenye damu ya mara ya pili baada ya miezi mitatu.

Kreatinini ni taka inayotokana na kazi ya misuli. Kila siku misuli huitoa, damu huibeba, figo huichuja na kuitupa kwenye mkojo. Figo zikilegea, taka inabaki kwenye damu na namba inapanda. Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza tukikumbuka kwamba namba ile ni zao la vitu viwili kwa pamoja: figo zinatupa kiasi gani, na misuli inazalisha kiasi gani. Mwenye misuli mingi anazalisha nyingi, mwenye michache anazalisha kidogo. Chukua kijana wa kiume wa miaka 25 anayebeba magunia sokoni, na mama wa miaka 65 aliyekonda, wote wawili labo iwape 1.1 ileile. Ukiingiza umri na jinsia kwenye mlinganyo wa mwaka 2009 uitwao CKD-EPI, ambao unakadiria figo zinachuja mililita ngapi za damu kwa dakika, kijana anapata kama 93, yaani hana shida. Mama anapata kama 53. Chini ya 60, hali hiyo ikidumu zaidi ya miezi mitatu, tayari ni ugonjwa sugu wa figo. Karatasi mbili zenye namba moja, na zote mbili ziko ndani ya mipaka ya kawaida. Tena figo ni kiungo chenye akiba kubwa: mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kuchuja kabla kreatinini haijavuka mpaka uliochapwa pembeni, na muda wote huo hasikii maumivu yoyote.

Basi tufanye hesabu, mtu atasema, na mambo yamekwisha. Bado, kwa sababu kuna hesabu iliyobuniwa kwa watu wengine na kutwishwa sisi. Mlinganyo wa MDRD wa mwaka 1999, na baada yake huo wa CKD-EPI, ilitengenezwa Marekani, na kwa mtu mweusi ilimwongezea kizidisho. Katika CKD-EPI kizidisho hicho kilikuwa 1.159, maana yake figo za mweusi zilihesabiwa kuwa na nguvu karibu asilimia 16 zaidi ya za mweupe mwenye umri, jinsia na kreatinini sawasawa. Sababu iliyotolewa ni kwamba Wamarekani weusi walioingia katika tafiti walikuwa na kreatinini ya juu kuliko ilivyotarajiwa, na maelezo ya haraka yaliyoshikwa ni kwamba misuli yao ni mikubwa zaidi. Mrudie yule mama wa miaka 65. Bila kizidisho ana 53, ni mgonjwa wa kufuatiliwa. Kwa kizidisho anafika 61, anavuka mstari kuelekea upande wa wazima, na hakuna kitu kilichobadilika mwilini mwake isipokuwa rangi ya ngozi iliyojazwa kwenye fomu.

Hapa Wakongo wenyewe walifanya kazi ambayo nasikitika haisemwi vya kutosha nje ya vyuo. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, wakiwemo Justine Bukabau na Ernest Sumaili, wakishirikiana na wenzao wa Liège huko Ubelgiji, hawakutaka kukisia. Waliwadunga watu wazima wenye afya dawa iitwayo iohekso, ambayo mwili hauna njia ya kuitoa isipokuwa kwa figo, kisha wakachukua damu kwa saa kadhaa kuona inapungua kwa kasi gani. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha kuchuja, kigumu na cha gharama, kinachotumiwa kuhukumu milinganyo mingine yote. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yalionyesha kwamba kizidisho cha weusi hakiwafai Wakongo, kinawapa nguvu ya figo wasiyo nayo. Mwaka uliofuata, pamoja na data za Abidjan, wakiwa na watu karibu 500, walifikia hukumu hiyohiyo. Marekani yenyewe ilikiacha kizidisho mwaka 2021, baada ya mabishano makali. Kwa hiyo mtu wa Bunia anayetumia programu ya zamani kwenye simu, yenye kisanduku cha kuuliza kama mgonjwa ni mweusi, aache kisanduku hicho wazi. Ushahidi haukutoka mbali, umetoka Kinshasa.

Naomba tukae zaidi kwenye suala la misuli, maana ndipo Ituri inapojitenga na vitabu. Mlinganyo unajua umri na jinsia, lakini haujui kama mtu amekula. Unachukulia kwamba mwanamke wa miaka 40 ana misuli ya kawaida ya mwanamke wa miaka 40. Sasa mfikirie mwanamke wa umri huo katika kambi ya Kigonze hapa mjini, aliyekimbia vita huko Djugu, akaishi kwa miezi kwa mlo mmoja wa ugali na sombe. Misuli yake imepungua, kreatinini anayozalisha imepungua, na hata figo zikiwa zimelegea namba yake itaonekana nzuri. Njaa inaficha ugonjwa. Mwaka 2022 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 2,500 wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda jirani, ambapo iohekso ilitumika tena kuwa hakimu. Milinganyo inayotegemea kreatinini iliwapa watu nguvu ya figo kuliko waliyokuwa nayo, na watafiti wakakadiria kwamba wagonjwa wa kweli huenda ni mara mbili au tatu ya wanaohesabiwa kwa kreatinini. Ukiikumbuka kazi nyingine ya Sumaili, iliyochapishwa mwaka 2009, iliyokuta dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa watu 12 hivi kati ya kila watu wazima 100 waliopimwa Kinshasa, unaona kwamba hata namba hiyo yenyewe si lazima iwe dari.

Wenye selimundu, wale ambao hapa Kongo wengi huwaita SS, wako katika mtego huohuo kwa njia nyingine. Misuli yao huwa midogo, na juu ya hilo mirija ya figo zao humimina kreatinini nyingi kupita kiasi kwenye mkojo. Katika miaka ya mwanzo figo zao huchuja kwa kasi isiyo ya kawaida, na kasi hiyo ndiyo inayozichosha. Kreatinini ya 0.8, ambayo kwa mtu mwingine ni habari njema, kwa kijana mwenye SS inaweza kuwa dalili ya kwanza ya hatari. Ongeza kasoro ya kupimia: labo nyingi bado zinatumia njia aliyoieleza Mjerumani Max Jaffe mwaka 1886, ya kuchanganya damu na asidi ya pikriki hadi itoe rangi ya machungwa. Njia hiyo ni rahisi na ya bei nafuu, ndiyo maana imeishi muda huu wote, lakini bilirubini ikiwa nyingi, macho yakiwa ya manjano kama inavyotokea kwa SS na kwa malaria kali, jibu hushuka kuliko ukweli.

Kosa huenda pia upande wa pili, na haki inadai tuliseme. Mtu aliyekula mbuzi wa kutosha jana usiku, akaenda labo asubuhi, anaweza kupandisha kreatinini bila figo kuguswa. Kotrimoksazoli, ambayo watu wengi wenye virusi vya ukimwi huimeza kila siku, huzuia mirija ya figo isitupe kreatinini, namba inapanda kidogo na figo ziko salama. Dolutegraviri inafanya vilevile. Lakini katika kidonge hichohicho cha pamoja ambamo dolutegraviri imo, imo pia tenofoviri, na tenofoviri yenyewe inaweza kuumiza figo kwelikweli. Daktari anayeona kreatinini imepanda baada ya mgonjwa kuanza kidonge hicho ana maelezo mawili yanayopingana mbele yake, na mstari mmoja wa labo hautamsaidia kuchagua. Akikosea huku anamwachisha mtu dawa inayomlinda, akikosea kule anaacha figo ziendelee kuharibika.

Kuna wanaosema jibu liko tayari, linaitwa sistatini C, na tuache kupoteza muda na kreatinini. Sistatini C ni protini ndogo inayotolewa na karibu kila seli ya mwili, kwa hiyo haitegemei sana wingi wa misuli. Watafiti wa Uswidi waliipendekeza kwa kazi hii mwaka 1985. Katika ule utafiti wa nchi tatu ndiyo iliyokaribia zaidi ukweli wa iohekso, na mwaka 2023 mlinganyo mpya wa sistatini C usiouliza rangi wala jinsia ulichapishwa, ukiwa umejaribiwa pia kwa data za Waafrika. Ningependa kuiona hapa. Lakini hoja ya kuifanya kipimo cha kila mtu siikubali, kwa sababu mbili. Kwanza gharama: vitendanishi vyake ni ghali kuliko vya kreatinini, na labo yenye kuishiwa vitendanishi vya kawaida haitaweza kuvimudu hivyo. Pili, nayo ina vitu vinavyoivuruga. Uvimbe wa ndani wa mwili, dawa kama deksametazoni na prednisoloni, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, unene, sigara, vyote huisogeza. Katika mji ambao maambukizi hayaishi, mtu mwenye kifua kikuu au homa ya muda mrefu anaweza kupata sistatini C ya juu isiyotokana na figo. Nafasi yake, kwa maoni yangu, ni kwa wale ambao tayari tunajua kreatinini itawadanganya: aliyekonda sana, aliyekatwa mguu, mwenye SS, na mwenye kidonge cha dolutegraviri ambaye namba yake imepanda. Sampuli za watu hao ni chache, zinaweza kugandishwa na kutumwa kwenye labo kubwa mara moja kwa muda fulani.

Pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote ni lingine kabisa. Linauliza: kujua kutanisaidia nini, wakati kuoshwa damu kwa mashine ni mpaka nisafiri mbali, pengine kwa ndege, na fedha zenyewe sina? Anayeuliza hivyo hana ujinga. Anasema ukweli kuhusu hatua ya mwisho ya ugonjwa. Kosa lake ni kudhani kwamba vipimo vinatayarisha hatua hiyo tu, ilhali faida yao kubwa iko miaka mingi kabla yake, na mahali ambapo mashine haipatikani kwa urahisi ndipo miaka hiyo inapokuwa na thamani zaidi. Tansio, yaani shinikizo la damu, ikiwa juu na ikashushwa, kushuka kwa figo kunapungua kasi. Enalaprili na kaptoprili, vidonge vya zamani visivyo vya bei kubwa, huilinda figo inayovujisha protini, mradi kreatinini irudiwe wiki chache baada ya kuanza na mradi mgonjwa asiwe mjamzito, kwa maana humdhuru mtoto tumboni. Ajuaye kwamba kiwango chake cha kuchuja ni 45 ataacha kununua diklofenaki dukani kila mgongo unapouma, na muuguzi ajuaye hivyo atafikiri mara mbili kabla ya kumdunga jentamisini kwa dozi ya mtu mwenye figo nzima. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai ndege.

Kuhusu kutabiri, yaani kusema nani figo zake zitakufa na lini, dunia ina chombo kinachosifiwa sana. Mwaka 2011 Navdeep Tangri wa Kanada na wenzake walitoa mlinganyo wa mambo manne tu: umri, jinsia, kiwango cha kuchuja, na albumini kwenye mkojo. Upo mrefu zaidi unaoongeza vitu vinne vya damu, kalisi, fosfati, bikabonati na albumini ya damu, lakini ule mfupi unatosha kwa kazi nyingi, nao umejaribiwa katika nchi zaidi ya 30. Nina shaka moja nao kwa matumizi ya hapa. Jambo unalolitabiri ni mgonjwa kuanza kuoshwa damu au kupandikizwa figo. Mahali ambapo wengi wanafariki bila kufika kwenye mashine, na kifo chenyewe kinaandikwa kuwa ni malaria au hakiandikwi, mlinganyo unatabiri tukio ambalo halitokei. Daktari asome asilimia zake kwa tahadhari. Lakini aangalie kilichomo ndani yake: kati ya mambo manne, lile lisilotoka kwenye damu wala kwenye kitambulisho ni albumini ya mkojo. Watu wawili wenye kiwango cha kuchuja cha 50 kilekile, mmoja mkojo wake ni safi, mwingine unavuja protini, hawana mwendo mmoja. Wa pili ndiye anayeteremka haraka. Ukanda wa kuchovya kwenye mkojo, ule wahudumu wanaouita bandeleti, ni wa bei ndogo na hauhitaji umeme. Una kasoro zake, homa kali au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kuudanganya, na ndiyo sababu nyingine ya kurudia.

Kurudia ndiko kunakotuleta kwenye kiashiria ambacho hakiuzwi na kampuni yoyote: namba ya mtu huyohuyo ya mwaka jana. Kreatinini iliyotoka 0.7 ikaenda 0.9, kisha 1.1, yote ndani ya mipaka, inaeleza habari ya hatari kuliko 1.4 iliyokaa palepale miaka mitano. Misuli ya mtu mmoja haibadiliki sana kwa miezi michache kama hajaugua au kulala njaa, kwa hiyo mwendo wa namba zake unaondoa sehemu kubwa ya upotofu niliousimulia. Vita vimetuharibia hata hili. Anayekimbia usiku kutoka Djugu au Irumu habebi karatasi za labo, na kituo alikotibiwa pengine kimeporwa pamoja na madaftari yake. Anafika Bunia akiwa mgonjwa asiye na jana. Sioni kwa nini matokeo ya figo yasiandikwe kwenye daftari la kituo na pia kwenye kadi ya mgonjwa, au yasipigwe picha kwa simu ya ndugu. Simu watu hukimbia nayo.

Nimesikia pia hoja kwamba hospitali zetu zina malaria, kipindupindu na majeruhi wa risasi, na kwamba vipimo vya figo ni anasa. Katika mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, uliogusa Kivu Kaskazini na Ituri, mashine ndogo za kupima damu kando ya kitanda zilifanya kazi Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na kreatinini ilikuwa miongoni mwa vipimo vilivyowaonyesha madaktari ni mgonjwa yupi yuko karibu zaidi na kifo. Kwa hiyo suala la kuwa haiwezekani huku kwetu limeshajibiwa. Limebaki la nani aanze. Kupima kila mtu itakuwa ni kumwaga fedha, na Mkutano wa Afya Duniani uliopitisha azimio lake la kwanza kuhusu figo mwezi Mei 2025 haukutuletea mkoba. Waanze wenye tansio, wenye sukari, wenye virusi vya ukimwi, wenye SS, na wanawake ambao mimba iliwapandishia tansio. Idara ya afya ya jimbo inaweza kuzitaka labo jambo moja tu kwa mwanzo: kila kreatinini itoke na umri, jinsia, njia iliyotumika kupima, na kiwango cha kuchuja kilichohesabiwa bila kizidisho cha rangi.

Katika orodha ya watakaoanza kupimwa nawaongeza wachimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu wanaochoma zebaki, na pamoja nao wanaojipaka mafuta ya kujichubua, kwa sababu baadhi ya mafuta hayo yana zebaki pia. Sumu hii inaweza kuzifanya figo zivujishe protini nyingi, miguu na uso vikavimba, huku kreatinini ikiwa bado 0.9 na karatasi ya labo ikisema kila kitu ni sawa. Hapo hata sistatini C haitasema kitu, kwa kuwa uchujaji bado haujapungua. Kwa watu hao bandeleti itangulie, damu ifuate.